Usiniamkie Kule

Sauti ya Tabia haifichiki. Ni nzito kuliko umbo lake, ina mkwaruzo kidogo, na kila anachosema hukimalizia chini kana kwamba amechoka nacho. Wanawake wa Makorora wanaomwita kuchora hina humjua kabla hajavuka kizingiti, akipiga hodi tu, mtu aliye jikoni husema, "Huyo Tabia, mfungulieni." Kwa mtu mwenye siri, kupewa sauti ya namna ile ni kuonewa.

Na siri alikuwa nayo. Kila asubuhi, kabla hajashika koni ya hina, kabla hata ya chai, Tabia alikwenda hospitali kunywa dawa. Si dawa ya sukari wala ya presha, ambazo mtu huzitaja barazani bila haya huku akijipepea kwa upindo wa kanga. Ilikuwa methadoni, wanayopewa watu waliozoea unga wa heroini ili mwili uache kuwatesa kwa kuudai. Pale kliniki watu hao huitwa wateja. Mtaani huitwa mateja. Ukiyaandika maneno hayo mawili utaona yanaachana kwa herufi moja tu, lakini Tabia angekwambia kwamba juu ya herufi hiyo alikuwa amejenga maisha yake yote.

Unga aliuonjea ndani ya ndoa, wala si kijiweni kama watu wapendavyo kudhani. Mumewe, Abass, alikuwa utingo wa malori ya Horohoro, na alikuwa akiuchanganya kwenye sigara. Usiku mmoja jino lilimuuma Tabia hadi akawa anagonga kichwa ukutani. Abass akamwambia avute kidogo, maumivu yatapoa. Yakapoa, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Baadaye Abass alikufa, bangili zikaondoka, vyombo vikaondoka, na mama yake Tabia akaja kumchukua mtoto wao wa kike aliyekuwa akilala na njaa. Wakati huo walikuwa wakikaa Nguvumali, na Nguvumali nzima ilimjua kwa jina lile la mtaani.

Alipoanza dawa na mwili ukarudi, mama yake aliuza kijibanda chao wakahamia Makorora. Si mbali, ila yule mwanamke wa mifupa mitupu aliyekuwa akisinzia wima kichochoroni hakufanana hata kidogo na huyu aliyejaa mashavu na kunukia udi. Majirani wapya waliambiwa kwamba Tabia alikuwa Pemba kwa shangazi yake. Uongo huo mama aliusema mara moja, kisha akamkalisha bintiye chini na kumwambia, "Siku jina lile likirudi mlangoni kwangu, mimi na mjukuu wangu tunakwenda Moa kwa ndugu zangu. Nawe utabaki na lako." Mama yake hakuwa mtu wa kutishia. Alikuwa mtu wa kufunga mizigo.

Sasa fikiria kazi yenyewe aliyoichagua. Mtu wa hina hakai ukumbini na wageni. Anaingizwa chumba cha ndani kabisa, bibi harusi amenyoosha miguu juu ya mkeka, kabati liko wazi, na dhahabu imepangwa kitandani kwa ajili ya kesho. Watu hutoka, huingia, humwacha peke yake na mali ya ukoo mzima. Nani angemwachia teja chumba hicho? Hata teja aliyepona, hata teja anayeswali sala zote tano. Neno moja tu lingetosha kufunga milango yote, na milango ikifungwa, mama angefunga mizigo.

Kwa hiyo alijificha. Alitoka nyumbani uso wazi, na karibu na hospitali aliingia nyuma ya ukuta wa maduka akavaa nikabu, ile ambayo vijana huiita ninja, na glavu nyeusi za kufunika vidole vyake vilivyoiva hina. Alikuwa anabaki macho matupu. Macho aliona hayana jina.

Dawa ilitolewa dirishani, na aliyekuwa akiitoa ni sista Anastazia, msichana wa Kishambaa, mdogo kwake kwa umri, mwenye uso usiobadilika. Siku ya kwanza kabisa sista alimwambia jambo ambalo Tabia alilichukua kama tusi. "Nikikuona sokoni nitapita kama sikujui. Usininunie. Wewe ukitaka kunisalimia nitaitika, ila mimi sitaanza." Tabia alikulia kwenye nyumba ambayo mtoto akiingia bila kuwaamkia wakubwa alirudishwa mlangoni aingie upya, hata kama ana homa. Ilimchukua muda kuelewa kwamba kule kupitwa bila salamu ndiyo heshima yenyewe.

Utaratibu mwingine wa pale ulikuwa wa kusema. Ukishameza dawa unapewa maji, unameza tena, kisha sista anakuambia, "Haya, sema." Lazima useme kitu, chochote, ili ajue dozi imeshuka na hukuibana chini ya ulimi ukaiteme nje na kuiuza. Wengine walisema upuuzi, wengine walitaja matokeo ya mpira. Tabia alisema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ndogo kabisa aliyoweza kuitoa, na hata hiyo ilikuwa nzito.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya hina ya Mwanaima binti wa Bi Tuhfa. Bi Tuhfa alikuwa mama wa Kipemba, mjane, anayeuza mchele na karafuu, mwenye nyumba kubwa na kauli fupi. Akisema fundi fulani hafai, fundi huyo huona wateja wake wanapukutika mmoja mmoja. Tabia alikuwa aende kwake alasiri. Asubuhi aliingia hospitali na nikabu yake, akili yote iko kwenye maua atakayomchora binti mguuni, akakata kona ya ujia wa kwenda dirishani. Kwenye benchi, mkoba mapajani, alikuwa amekaa Bi Tuhfa.

Ujia ule ulikuwa wa wote. Upande mmoja dirisha la methadoni, upande wa pili mlango wa kliniki ya sukari, na benchi katikati. Tabia angeweza kupita tu. Alikuwa kitambaa cheusi kinachotembea, kama wanawake wengine wengi wa mji ule. Lakini macho yake yalikutana na macho ya mtu mzima anayemfahamu, na ulimi, uliofundishwa kazi hiyo kabla haujajua kusema jina lake mwenyewe, ukafanya ulichozoea bila kumwuliza mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Tuhfa."

"Marahaba, mwanangu," akaitika Bi Tuhfa, naye kwa mazoea. Kisha akainua uso. Aliitazama nikabu, akashuka hadi kwenye glavu, akapanda tena hadi machoni, na nyusi zake zikakaribiana.

 Tabia alijitukana kimoyomoyo matusi ambayo hakuwahi kumtukana mtu. Kujifunika kote kule, kisha kumtaja mtu kwa jina! Akasogea dirishani maana hakuwa na pa kwenda. Bila dozi ile, kufikia jioni mifupa ingeanza kumuuma na jasho la baridi lingemtoka mbele ya bibi harusi. Alipandisha nikabu kidogo, akageukia ukutani, akameza. Akanywa maji.

"Haya, sema," alisema sista Anastazia.

Tabia akatikisa kichwa.

"Dada, unajua utaratibu. Sema."

Alimwonyesha sista kwa macho, akielekeza nyuma, akimwomba bila maneno. Sista alitazama benchi, akamtazama tena, akainamisha sikio hadi likagusa nondo za dirisha. "Ninong'oneze basi," akasema taratibu. Tabia akanong'ona alhamdulillahi yake. Ila mnong'ono wa sauti ile ulikuwa mkubwa kuliko kusema kwa watu wengine, na aliondoka pale akiwa na hofu kwamba Bi Tuhfa ameusikia wote.

Nyumbani hakumwambia mama yake. Alikaa jikoni akikoroga hina kwenye bakuli, akaikoroga hadi ikawa nyepesi kupita kiasi, akaongeza unga wa hina, akakoroga tena. Bintiye alirudi kutoka shule, akamletea daftari aone alivyochora samaki. Tabia alimsifia samaki yule bila kumwona. Alikuwa anafikiria atume ujumbe kwamba anaumwa. Lakini asipokwenda, Bi Tuhfa aliyekuwa na shaka tu atakuwa na hakika. Na akienda, huenda ameshasubiriwa na wanawake wote, wamekaa kwenye mikeka, kila mmoja ameshaambiwa. Aliogopa kama hakuwahi kuogopa hata enzi za polisi na vichochoro, kwa sababu enzi hizo hakuwa na kitu cha kunyang'anywa.

Alasiri alikwenda. Uani wanawake walikuwa wanamenya vitunguu na kuimba, harufu ya pilau imetanda hadi barabarani. Alitoa salamu, zikaitikiwa. Akachunguza kila aliyeitika, ameitika upesi au amechelewa, amecheka au amebana midomo. Mmoja alimwambia mwenzake kitu sikioni wakacheka wote wawili, naye akahisi kanga inamteleza kiunoni. Walikuwa wanamcheka mpishi.

Chumbani, Mwanaima alikuwa amekaa mkekani na mito nyuma, furaha imemjaa, maneno hayaishi. Kitandani kisanduku cha dhahabu kilikuwa wazi, mikufu na bangili zimelazwa juu ya kitambaa cheupe. Tabia aliketi kwa makusudi akiwa amekipa mgongo, akamshika binti mguu, akaanza kuchora.

Alikuwa kwenye ua la pili Bi Tuhfa alipoingia.  Aliitikia shikamoo ya Tabia kwa kichwa, akaenda moja kwa moja kitandani, akakusanya mikufu na bangili, akafunga kisanduku kwa ufunguo, akakibana kwapani, akatoka.

"Mama naye," alisema Mwanaima. "Si alisema kikae hapa wageni waone?"

 Tabia aliibana koni kupita kiasi, kwa ule mkono ambao watu walikuwa wanausifu kwamba hauna kosa. Tone la hina likadondoka nje ya mstari, kwenye ngozi safi ya kifundo cha mguu.

"Da Tabia, leo una nini wewe?"

"Hina nyepesi," alisema, akaliburuta lile tone likawa jani. Akachora jani jingine upande wa pili ili la kwanza lisionekane la bahati mbaya. Alichora mguu mzima akiwa na jambo moja tu kichwani: amejua, amejua, amejua. Alikuwa ameshaiona mizigo ya mama yake mlangoni, na mtoto ameshika kibegi chake cha shule, akiuliza Moa ni wapi.

Binti mmoja alichungulia. "Fundi, Bi Tuhfa anasema ukimaliza uende chumbani kwake."

Kumaliza ni kazi ambayo Tabia siku zote aliiharakisha. Siku ile alitamani Mwanaima angekuwa na miguu kumi. Alichora vidole, akarudia vidole, akaongeza vidoti mahali pasipohitaji vidoti, hadi binti mwenyewe akamwambia inatosha, atakuwa kama ndege kanga. Akanawa. Akaenda.

Bi Tuhfa alifunga mlango nyuma yake kwa komeo. Chumba kilikuwa na giza la mapazia, kisanduku kiko juu ya meza. Hakumkaribisha kiti, mwenyewe ndiye aliyekaa, kwenye ukingo wa kitanda, na kwa muda alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

"Asubuhi uliniamkia," alisema.

"Wapi, mama?"

"Mwanangu, sauti yako hiyo hata uivishe nikabu mbili itatoka tu. N'mekujua pale pale."

 Tabia alikaa chini sakafuni, maneno yakamtoka bila mpangilio. Kwamba hajagusa kitu cha mtu. Kwamba aliacha kitambo, anakunywa dawa kila siku ya Mungu, wamwulize yeyote pale. Kwamba ana mtoto. Kwamba kama ni kazi ataiacha yeye mwenyewe, aseme amechoka, bora Bi Tuhfa asiseme neno, maana mama yake atamchukua mtoto, na akimchukua mara hii hatamrudisha tena.

"Nyamaza kwanza," alisema Bi Tuhfa. "Nambia wewe. Umeshamwambia nani?"

Tabia hakuelewa. "Nimwambie nani nini?"

"Kwamba umeniona pale."

Walitazamana. Nje wimbo mmoja uliisha, mwingine ukaanza, na mtu akapiga kigelegele cha majaribio. Hapo tu ndipo Tabia alipoona kwamba mikono ya Bi Tuhfa, ile iliyokuwa inakunja mtandio, ilikuwa inatetemeka.

"Mimi sina sukari," alisema Bi Tuhfa. "N'lompeleka Luqmani."

Luqmani alikuwa mwanawe wa kiume, kaka wa Mwanaima. Mji mzima ulijua yuko Pemba akisimamia mikarafuu ya marehemu babake. Tabia karibu acheke, kwa jinsi uongo wao ulivyokuwa umepanda chombo kimoja. Luqmani alikuwa chumba cha nyuma cha nyumba ile ile. Asubuhi alikuwa ndani kwa daktari, ndiyo siku yake ya kwanza, na anayeanza lazima aje na mtu wake wa kumsindikiza. Bi Tuhfa alikaa bencheni akiomba asitokee mtu anayemfahamu. Ndipo kitambaa cheusi kikamtaja kwa jina.

"N'nakuogopa tangu asubuhi," alisema. "Mtu wa hina. Anaingia kila nyumba, anakaa na wanawake saa nzima, wanamwuliza habari za mji. N'kasema basi, harusi imekwisha. Upande wa bwana harusi hawajui. Wakisikia kaka mtu yuko vile, watauliza na dada je, watauliza damu hiyo ikoje, na kesho watu wamealikwa." Akameza mate. "N'kenda kumwuliza yule sista ili n'hakikishe, huyu alovaa nikabu nani? N'kamwambia mimi n'mama, nina haki. Akanambia, mama, hapa hatumjui mtu. N'kamrudia, akanambia vile vile. N'kakasirika. Halafu n'kiwa njiani n'kafikiri, kama hakuniambia mimi lako, basi na langu hatamwambia mtu."

Tabia alikitazama kile kisanduku juu ya meza. "Na kisanduku, mama? Umekiondoa kwa sababu yangu."

Bi Tuhfa alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza sura yake ile kali ikalegea kabisa. "Luqmani yumo ndani humu," alisema. "Pete ya bibi yake sijui iko wapi."

 Tabia alimjua mama huyu kuliko alivyotaka kumjua. Alikuwa anamwona mama yake mwenyewe, enzi zile za Nguvumali, akilala na mkoba chini ya mto. Alisogea, akaishika ile mikono ikatulia. Alimwambia siku za mwanzo ni mbaya, atatukana, atalia, asimwache peke yake na asimwachie fedha. Alimwambia jasho litakauka. Bi Tuhfa alisikiliza kama mwanafunzi.

"Kesho tena nampeleka, alfajiri, kabla ya shughuli," alisema Bi Tuhfa walipokuwa mlangoni. "Tukikutana kule usiniamkie."

"Sitakuamkia, mama."

"Ukiniamkia nitaitika. Nikiitika, watu watageuka."

Tabia alirudi nyumbani na hofu yake. Haikuwa imemtoka. Kuna mtu mmoja zaidi anayejua, na mtu huyo leo ana harusi ya kuilinda, kesho kutwa harusi itakuwa imekwisha. Alilifikiria hilo akiwa anamsuka mtoto, akavuta nywele kwa nguvu hadi mtoto akalalamika. Akaomba radhi, akasuka taratibu.

Asubuhi alivaa nikabu nyuma ya ukuta wa maduka. Akakata kona ya ujia, na pale bencheni walikuwa wamekaa wawili, Bi Tuhfa na kijana mrefu aliyejikunyata ndani ya koti, kidevu kifuani, anatetemeka mguu mmoja. Watu wengine walikuwa wamesimama wakisubiri.  Alipita mbele ya mama mtu mzima anayemfahamu, karibu kabisa, akaubana ulimi kwa meno, akapita kama mtoto asiyefunzwa. Bi Tuhfa alikuwa anatazama ukuta. Tabia hakuwahi kuona jambo gumu vile tangu alipoacha unga, na wala sitanii.

Dirishani alimeza dawa, akanywa maji.

"Haya, sema," alisema sista Anastazia.

Alikuwa amefungua kinywa kwa ajili ya alhamdulillahi yake. Likatoka neno jingine, si la kunong'ona, kwa sauti ile ile nzito isiyofichika.

"Shikamoo."

Sista, aliyekuwa mdogo kwake, aliinua kichwa akashangaa, kisha akatabasamu kidogo. "Leo umenizeesha, dada."

Nyuma, kwenye benchi, mtu aliitika chini kwa chini, kama anayejisemea mwenyewe. "Marahaba, mwanangu." Tabia alishusha nikabu yake, akaondoka bila kugeuka.